MASWALI YA KUPIMA USOMAJI WA KIINGEREZA

Mtoto ajifunzaye Kiingereza aweza kuielewa vema habari aliyoisoma, kisha akakosa alama kwa sababu swali lenyewe halikueleweka. Hasara hiyo si ndogo, maana mara nyingi alama ndizo zinazoamua shule atakayoingia. Yafaa basi kila mwalimu atungaye mtihani achunguze maneno yake mwenyewe kabla ya kulaumu akili ya mtoto.

Jambo la kwanza ni kwamba jibu lipatikane katika habari iliyosomwa. Kwa mfano, habari yasimulia mkulima aliyepeleka maziwa kwa miguu, ingawa alikuwa na baiskeli, kwa kuwa mvua iliharibu njia. Akiulizwa, "Ng'ombe hutupa nini?" kila mtoto wa mkulima atajibu bila kusoma hata mstari mmoja. Lakini akiulizwa, "Kwa nini hakupanda baiskeli siku ile?" hana budi kusoma.

La pili, maneno ya swali yawe mepesi kuliko ya habari. Neno gumu likiwa katika swali, kinachopimwa ni neno hilo, wala si usomaji. Kadhalika makanusho mawili katika swali moja humchanganya hata mtu mzima. Na ikiwa habari yasema, "Juma alimwambia nduguye ya kuwa amechelewa," haifai kuuliza ni nani aliyechelewa, maana wote wawili waweza kuwa ndio.

La tatu ni majibu ya kuchagua. Mmarekani Frederick J. Kelly alitumia maswali yenye jibu moja tu katika mtihani wake wa kusoma huko Kansas mwaka 1915, ili wasahihishaji wasitofautiane. Katika Kenya, mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hata 2023, ulitoa majibu manne kwa kila swali. Katika maswali 50 ya namna hiyo, abahatishaye tu aweza kupata kama 12. Kwa hiyo majibu yote yalingane kwa urefu, na yale ya uongo yafanane na kweli. Jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine, hujitangaza lenyewe.

Mwisho, mwalimu ampe mwenzake maswali hayo bila ile habari. Akiyajibu sawasawa, yatungwe upya. Hakuna mkulima akubaliye mahindi yake yapimwe kwa mizani mbovu. Mtoto wake naye apimwe kwa haki.