Kwa nini Waholanzi hupanda maua kabla ya baridi

Majira ya mapukutiko yanapoingia nchini Uholanzi, siku hufupika na bustani hubaki tupu. Hapo ndipo wenye bustani hupiga magoti na kufukia ardhini matunguu ya tulipu, yanayofanana na vitunguu maji vidogo. Hawatarajii kuona ua lolote hadi majira ya kuchipua, miezi kadhaa baadaye.

Kwa mkulima aliyezoea kupanda mvua zinapoanza, desturi hiyo huonekana kinyume. Sababu ni kwamba tulipu huhitaji baridi. Ua lake, likiwa dogo mno, huwa limekwisha kuumbika ndani ya tunguu tangu kiangazi. Baridi ya majuma 12 hadi 16 hugeuza wanga uliohifadhiwa humo kuwa sukari, na kuliandaa shina lirefuke. Tunguu lililokosa baridi hutoa ua lililodumaa, au halitoi kabisa.

Kazi yenyewe ni nyepesi, hata mtoto huiweza. Shimo huchimbwa kwa kina cha takriban mara tatu ya kimo cha tunguu, ncha ikaelekezwa juu, katika udongo usiotuamisha maji. Kinachobaki ni kungoja, na kungoja huko ni sehemu ya furaha yake.

Hata hivyo, tunguu hilo lina historia chungu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, miji ya magharibi mwa Uholanzi, iliyokuwa bado mikononi mwa Wanazi, ilikumbwa na njaa kali. Ujerumani ilizuia chakula kuingia baada ya wafanyakazi wa reli kugoma, kisha mifereji ikaganda. Watu wapatao 20,000 walifariki dunia. Waliosalia walichemsha matunguu ya tulipu na kuyala, au waliyasaga kuwa unga.

Nchi ilikombolewa mwezi Mei 1945, wanajeshi wa Kanada wakiwa mstari wa mbele. Mwaka huohuo, Bintimfalme Juliana alituma matunguu 100,000 katika mji wa Ottawa. Ilikuwa shukrani kwa Kanada, iliyompa hifadhi yeye na watoto wake wakati wa vita. Binti yake Margriet alizaliwa huko mwaka 1943. Hadi leo Uholanzi hupeleka matunguu Ottawa kila mwaka, na kila Mei mji huo hupambwa kwa tulipu.

Kile kilichokuwa chakula cha wenye njaa kikawa tena zawadi katika mwaka uleule. Mwenye njaa hawezi kulifukia tunguu akaliacha, atalila. Kwa hiyo anayelipanda leo bustanini, kisha akaingia ndani kuota moto, anafanya jambo ambalo katika msimu ule wa njaa wengi hawakuweza kulifanya: anaacha ardhini kitu kinacholika, akiwa na hakika kwamba mwezi Aprili atakuwapo kukitazama kikichanua.