Shavu la mguu likiuma: Mwongozo kwa anayeanza kukimbia

Na MWANDISHI WETU

DAKTARI amekuambia kuwa presha imepanda na sharti upunguze uzani. Ukanunua raba, ukajihimu alfajiri ya Jumatatu na kukimbia kilomita tatu bila kupumzika. Jumatano asubuhi huwezi kushuka ngazi wala kuikimbilia matatu iliyosimama hatua chache mbele yako. Mashavu ya miguu yamekaza kama kamba.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Raba husukumwa chini ya kitanda, na presha hubaki pale pale ilipokuwa.

Aghalabu maumivu hayo si ugonjwa, wala si ithibati kwamba mwili wako haukuumbwa kukimbia. Ni malalamiko ya misuli iliyotwikwa mzigo isiouzoea. Hata hivyo, yapo maumivu machache ya shavu la mguu ambayo kuyapuuza kunaweza kuhatarisha maisha. Yafaa basi kujua kuyatofautisha.

Misuli miwili, kano moja

Shavu la mguu limeundwa kwa misuli miwili mikuu. Wa kwanza, ule unaoonekana umetuna, huanzia juu ya goti. Wa pili ni bapa, umelala chini ya huo wa kwanza na huanzia chini ya goti. Yote miwili huungana kuwa kano nene inayoshikilia mfupa wa kisigino.

Kazi yake ni kuinua kisigino na kuusukuma mwili mbele. Anayetembea huwa na mguu mmoja ardhini wakati wote. Anayekimbia huruka na kutua kwa kila hatua, na misuli hiyo hubeba nguvu inayozidi uzani wa mwili mara kadhaa.

Moyo na mapafu huzoea mazoezi upesi. Misuli huchukua wiki kadhaa, na kano huchukua miezi. Ndiyo maana anayeanza huhisi kuwa bado ana pumzi ya kuendelea ilhali miguu imekwisha kulemewa.

Mzigo huo huzidi mtu anapopanda mlima, anapokimbia kwa ncha za nyayo, au anapovaa viatu ambavyo kisigino chake hakijainuka. Aliyezoea viatu vya mchuchumio kazini pia huathirika kwa urahisi, kwani misuli yake imezoea kufupika, kisha ghafla inalazimishwa kunyooka.

Maumivu ya aina gani?

Yanayowapata wengi ni yale yanayoanza saa 12 hadi 24 baada ya mazoezi, yakazidi siku ya pili au ya tatu, kisha yakatoweka yenyewe. Huwa katika miguu yote miwili. Wengi huisingizia asidi ya laktiki, lakini asidi hiyo huondoka misulini takriban saa moja baada ya mazoezi. Kinachouma ni michubuko midogo mno ndani ya misuli, ambayo mwili unaitengeneza.

Aina ya pili huja kwa ghafla ukiwa mbioni, kana kwamba umepigwa jiwe kwa nyuma. Huo ni msuli uliochanika. Acha kukimbia papo hapo. Ukisikia mlio kama wa kitu kilichokatika karibu na kisigino, na ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, huenda kano imekatika. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Aina ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Iwapo mguu mmoja umevimba, una joto, umebadilika rangi na unauma hata ukiwa umepumzika, huenda damu imeganda mshipani. Tahadhari zaidi ikiwa umesafiri kwa saa nyingi ukiwa umeketi, umefanyiwa upasuaji, au umejifungua hivi karibuni. Usiukande mguu huo wala kusubiri kesho. Donge la damu likisafiri hadi mapafuni laweza kuua, na dalili zake ni kukosa pumzi na kuumwa na kifua.

Nao wenye umri mkubwa, wavutaji sigara na wagonjwa wa kisukari ambao shavu la mguu huwauma kila wanapotembea, kisha likatulia wanaposimama, yafaa wapimwe mishipa ya damu kabla ya kuanza mbio.

Nini cha kufanya

Kwa maumivu ya kawaida, usilale kitandani kutwa. Tembea taratibu, kwani damu ikizunguka ukakamavu hupungua. Pumzika siku moja au mbili kabla ya kukimbia tena.

Kwa msuli uliochanika, ushauri uliozoeleka ni kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu. Ushauri huo ulienezwa mwaka wa 1978 na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin. Mwaka wa 2014, Mirkin mwenyewe alikiri kuwa barafu na mapumziko ya muda mrefu huenda yakachelewesha kupona. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa yaweza kutuliza maumivu siku ya kwanza, lakini baada ya siku chache mguu uanze kutumiwa polepole, kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Usimeze dawa ya maumivu ili upate kukimbia. Dawa hiyo hunyamazisha onyo, haiondoi kidonda.

Utajuaje kuwa umepona? Tembea kwa kasi dakika 30. Kisha simama kwa mguu mmoja, uinue kisigino mara kadhaa. Ikiwa hukuhisi maumivu katika yote mawili, waweza kurudi barabarani. Maumivu yanayokufanya uchechemee, au yasiyoisha baada ya wiki mbili, yanahitaji daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kuzuia ni bora

Kosa kubwa la anayeanza ni haraka. Mwaka wa 1996, Mmarekani Josh Clark alibuni mpango wa wiki tisa wa kumtoa mtu kitini hadi kukimbia kilomita tano. Wiki ya kwanza ni mara tatu tu. Unatembea kwa kasi dakika tano, kisha kwa dakika 20 unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90 kwa zamu. Anayeona aibu kutembea akumbuke kwamba huko Iten, hata mabingwa wa dunia huanza mbio zao nyepesi za asubuhi kwa mwendo wa taratibu mno.

Imarisha misuli hiyo nyumbani. Shika ukuta, inua visigino polepole na uvishushe polepole, mara 10 hadi 15, kwa awamu tatu, kila baada ya siku moja. Fanya magoti yakiwa yamenyooka, kisha yakiwa yamekunjwa kidogo, ili misuli yote miwili ipate kazi. Baada ya mbio, sukuma ukuta mguu mmoja ukiwa nyuma, kisigino chini, kwa sekunde 30.

Chagua njia tambarare ya udongo mwanzoni, na milima uiachie miezi ijayo. Ukinunua raba za mitumba, usidanganywe na rangi. Tazama soli. Iliyolika upande mmoja au iliyokuwa ngumu kama ubao imemaliza kazi yake, kwani raba za mbio hudumu kilomita 500 hadi 800 hivi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima. Kutembea kwa kasi kunahesabiwa. Kwa hivyo, hata wiki ambayo miguu imekataa mbio, bado una la kufanya kwa ajili ya moyo wako.

Zitoe basi raba chini ya kitanda, ila safari hii uanze kwa kutembea. Mwenda pole hajikwai.