Virai na Kuboronga Sarufi: Alama Zinazopotea Bure

Mtahiniwa akiulizwa aonyeshe uhuru wa mshairi katika ubeti, huandika upesi: kuboronga sarufi, ili kutosheleza mizani. Sehemu ya kwanza huwa sahihi. Ya pili mara nyingi si kweli, na kosa lenyewe limeanzia kwenye somo la virai.

Kirai ni neno au fungu la maneno lisilo na uhusiano wa kiima na kiarifu, na huitwa kwa jina la neno lake kuu. "Abiria wa Likoni" ni kirai nomino. "Refu mno" ni kirai kivumishi. "Jana asubuhi" ni kirai kielezi. Katika "Abiria walivuka upesi", fungu "walivuka upesi" ni kirai kitenzi. "Kwenye kivuko" ni kirai kihusishi, lakini ukisema "kivukoni" umepata kirai kielezi, ingawa mahali ni palepale.

Sasa angalia kirai nomino kwa makini. Mwanafunzi aliyezoea virai vya Kiingereza hudhani kwamba mpangilio wa maneno ndio kila kitu, kwa kuwa vihusishi vya lugha hiyo havibadiliki. Kiswahili kina upatanisho wa kisarufi. Katika "mlango wa nyumba ya mbao", nyumba ndiyo ya mbao. Katika "mlango wa nyumba wa mbao", mlango ndio wa mbao. Konsonanti moja imetenganisha maana. (Ukisema "mlango wa ukuta wa mbao" utatuacha njia panda, maana ngeli zote mbili huchukua "wa".)

Upatanisho huo ndio unaompa mshairi nafasi ya kugeuza kirai bila kukivunja. Chukua mshororo huu niliouunda kwa ajili ya somo:

Abiria wa Likoni, wamengojea kivuko.

Kila kipande kina mizani 8. Tuseme kina cha kati kinachotakiwa ni "a". Mshairi atasema:

Wa Likoni abiria, wamengojea kivuko.

Hesabu tena: a-bi-ri-a-wa-Li-ko-ni, nane, wa-Li-ko-ni-a-bi-ri-a, nane vilevile. Mizani haikuguswa. Kilichobadilika ni kina, kutoka "ni" hadi "a". Basi mtahiniwa anayetaja mizani hapa ametoa sababu ambayo ubeti wenyewe unaikana. Angetaja mizani iwapo "wamengojea" ingefupishwa kuwa "mengojea", yaani inkisari, kwani hapo silabi moja imepungua.

Mwalimu mwenzangu, liko jambo moja la kuwatahadharisha wanafunzi. Kirai kikikatwa, neno kuu likabaki kwenye ukwapi na kijalizo chake kikasukumwa kwenye utao, idadi ya silabi za kila kipande inaweza kubadilika. Hapo jibu la mizani linaweza kukubalika, mradi mtahiniwa ahesabu kwanza.