Je, Wajua Kamba Iunganishayo Whistler na Blackcomb?

Katika jimbo la British Columbia, magharibi ya Kanada, iko milima miwili iliyokabiliana, Whistler na Blackcomb, ambayo watu huiendea wakati wa baridi ili wateleze juu ya theluji kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Na eneo lake, lipitalo hekta 3,000, ni pana hata mgeni aweza kushinda huko kutwa asirudie njia aliyokwisha kuipita. Whistler ulifunguliwa kwa mchezo huo mwaka 1966, na Blackcomb mwaka 1980.

Kijiji cha huko kiko bondeni, mita 675 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali lifti za Blackcomb hupanda hata kupita mita 2,200. Na kwa kuwa joto hupungua takriban digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, wingu lile lile litokalo Bahari ya Pasifiki aghalabu humwaga mvua kijijini na theluji kavu kileleni. Zamani, basi, aliyekuwa juu ya mlima mmoja akautamani wa pili hakuwa na hila ila kuiacha theluji njema, ateremke mpaka kwenye rasharasha za bondeni, kisha aanze kupanda upya.

Taabu hiyo iliondoka Desemba 2008, ulipofunguliwa usafiri wa kamba uitwao Peak 2 Peak, na kwa rai yangu hapana kitu milimani humo kistahilicho kutazamwa zaidi. Vibanda 28, kila kimoja chenye nafasi ya watu 28, hubiringika kwa magurudumu juu ya kamba mbili nene za chuma zisizokwenda, na kamba ya tatu ndiyo ivikokotayo. Na kwa sababu kibanda kimeshikwa na kamba mbili zilizoachana, upepo haukiyumbishi kwa wepesi kama ungalivyokiyumbisha kilichotundikwa kwa kamba moja. Safari ni ya kilomita 4.4, dakika 11 tu. Lakini katikati yake yako masafa ya mita 3,024 yasiyo na nguzo yo yote, na mahali pengine bonde limezama mita 436 chini ya nyayo za abiria. Vibanda viwili vimetiwa kioo sakafuni, na atazamaye humo huona kijito cha Fitzsimmons kimekuwa chembamba mithili ya uzi.

Ama kwa wanaoteleza milimani humo, alama za njia ni duara la kijani kwa wanafunzi, mraba wa buluu kwa wa kadiri, na almasi nyeusi kwa mahodari. Mgeni na afahamu kwamba alama hizo hulinganisha njia za mlima huo wenyewe, si za dunia nzima, hata buluu ya hapa huenda ikawa nyeusi ya kilima kingine. Alfajiri walinzi hulipua baruti makusudi, ili theluji iliyolala juu ya tabaka dhaifu iporomoke kabla watu hawajafika; na penye bango la kufungwa, mwenye kulipita hujihatarisha nafsi yake na walio chini yake pia.