Usinunue moteri kwa kusoma kibati tu

Wanamemba wa Vuhovi, ukishuka Butembo kutafuta moteri ya okazio ya kusaga mihogo, muuzaji atakuonyesha kibati: nguvu 8 za farasi. Moteri ikizeeka, kibati hakizeeki. Basi tupime kwenye gurudumu la mashini.

Kwanza kaza mkaba. Ukilegea unateleza na kuiba nguvu. Fundi apitishe kamba juu ya gurudumu: upande mmoja mzigo, upande wa pili mizani iliyofungwa chini. Aongeze mzigo mpaka moteri ianze kulemewa. Tuseme mzigo ni kilo 25, mizani inasoma 5: zinabaki 20. Gurudumu lina mita 1 kulizunguka, nalo linazunguka mara 20 kwa sekunde.

20 × 9,8 × 1 × 20 = wati 3.920. Gawanya kwa 736: nguvu 5,3 za farasi.

Mkaba na beringi vikila 10 kwa 100, gawanya 5,3 kwa 0,9: moteri yenyewe inatoa karibu 5,9. Si 8! Hapo ndipo mujadili bei.

Angalisho: kamba inapata moto sana. Mupime kwa muda mfupi, watoto wakae mbali.