Kelele za Giaboksi katika Pikapu Kuukuu: Namna ya Kujua Zatokea Wapi

Sokoni Myanga, upande wa magharibi wa mji wa Bungoma, pikapu zilizokwisha kutumika miaka ishirini au thelathini zingali zikifanya kazi kila siku. Huchukua mbolea kwenda mashambani, hurudi na ndizi na mihogo, na wakati wa mavuno ya mahindi huenda hata Kitale na kurudi zimejaa magunia. Gari la namna hii likianza kulia chini ya sakafu, karibu na mkono wa gia, mwenyewe hushikwa na hofu, na hofu hiyo ina sababu. Giaboksi ni kitu cha ghali, na gari likilala gereji majuma mawili wakati wa mavuno, mzigo huchukuliwa na mwingine, na mteja naye huenda asirudi.

Lakini si kila kelele ya chini ya gari hutoka katika giaboksi, wala si kila kelele ya giaboksi humlazimisha mtu anunue nyingine. Hasara huja kwa njia mbili zilizo kinyume. Mtu mmoja huambiwa na fundi, "Mzee, giaboksi hii imekwisha," naye huuza ng'ombe, hununua nyingine iliyotumika Japani, ikafungwa, na kelele zile zile zikaendelea, kwa kuwa zilitoka katika beringi ndogo ya klachi. Mtu wa pili husema kwamba gari kuukuu halikosi kelele, akazidi kupakia, mpaka siku moja beringi ikavunjika ndani, vipande vyake vikaingia baina ya meno ya gia, na kasha lote likapasuka. Wote wawili wangaliweza kuokoa fedha zao kwa nusu saa ya kusikiliza kwa utaratibu, kabla ya spana kushikwa.

Ili usikilize vema, yapasa kujua kidogo mambo yaliyomo ndani ya kasha hilo. Mna shafti tatu. Ya kwanza hupokea nguvu za injini kupitia kwenye klachi. Na tuiite shafti ya kuingia. Ya pili iko chini yake, nayo huzungushwa na ile ya kwanza wakati wote, kwa kuwa meno yao hayaachani kamwe. Hiyo ni shafti ya chini. Ya tatu ndiyo shafti kuu, ambayo hutoka nyuma na kuipa propela nguvu za kuzungusha magurudumu. Katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, nguvu hushuka kwenye shafti ya chini, kisha hupanda kwenye shafti kuu. Bali katika gia ya nne, kwa pikapu nyingi za zamani, shafti ya kuingia hufungamana na shafti kuu moja kwa moja. Shafti ya chini huendelea kuzunguka, lakini haina mzigo. Neno hili moja la gia ya nne lina faida kuliko vyombo vingi vya gereji, kama tutakavyoona.

Jaribio la kwanza hufanywa gari limesimama. Liweke mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na pasiwe na mtu chini ya gari. Washa injini, weka gia nyutro, uondoe mguu kwenye klachi, ukasikilize. Kisha kanyaga klachi polepole mpaka chini. Kama kulikuwa na ngurumo, nayo ikakoma ulipokanyaga, basi beringi ya shafti ya kuingia au zile za shafti ya chini zimechakaa, maana ndizo zilizosimama ulipokanyaga. Lakini usiogopeshwe na mgongano mwepesi wa meno ambao hutoweka injini ikiongezwa moto kidogo. Giaboksi nyingi zilizo nzima hutoa sauti hiyo.

Mambo yakiwa kinyume, yaani kukiwa kimya na mlio ukaanza mara tu mguu uguswapo kwenye pedali, shitaki beringi ya klachi. Hii ndiyo huharibiwa na madereva wenye desturi ya kupumzisha mguu juu ya pedali njia nzima. Ni kweli kwamba giaboksi lazima ishushwe ili kuifikia, lakini bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na giaboksi nzima, na aliyefika huko yafaa atazame na sahani ya klachi papo hapo. Iko na beringi nyingine ndogo, au pete ya shaba, katika ncha ya krankshafti. Hiyo hulia klachi ikiwa imekanyagwa kabisa na gia imeingizwa, gari likingali limesimama.

Jaribio la pili ni la barabarani. Barabara kuu ya kutoka Bungoma kwenda Malaba haifai kwa kazi hii, kwa sababu ya malori marefu yaendayo Uganda. Tafuta njia tulivu iliyo sawa. Endesha katika kila gia, ukiongeza moto na kuupunguza. Kelele zikisikika katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, zikanyamaza ulipoingia ya nne, beringi za shafti ya chini zimekwisha, na sasa msomaji anajua sababu: katika gia ya nne shafti hiyo haikubeba mzigo. Kelele zikiwa katika gia moja tu, kosa ni la meno ya gia hiyo; na zikija kwa mpigo, tak-tak-tak, zikifuata mwendo wa gari, yamkini jino limevunjika. Zikiwa katika gia zote, hata ya nne, tafuta kwenye beringi ya shafti ya kuingia au ya shafti kuu. Katika pikapu za gia tano, ile ya tano mara nyingi huwekwa nyuma kabisa ya kasha, nayo hutumia shafti ya chini, kwa hiyo huweza kuumia peke yake oili ikipungua.

Kisha, ukiwa bado katika njia ile ya sawa, wala si mteremkoni, fika mwendo wa kiasi, ingiza nyutro, uache gari lijiendee lenyewe. Mvumo ukiendelea na kupungua pamoja na mwendo wa magurudumu, karibu hakika giaboksi imesingiziwa. Angalia beringi inayoshika propela katikati, zile krosi za propela, difu, na beringi za magurudumu. Krosi iliyochakaa hugonga mara moja gari linapoanza kuondoka. Difu huvuma ukikanyaga moto, kisha hubadili sauti ukiuachilia. Hata magurudumu yenyewe huweza kudanganya: mpira uliolika vibaya huvuma juu ya lami, lakini sauti hubadilika ukiingia barabara ya murramu, jambo ambalo beringi haiwezi kufanya.

Kukwaruza wakati wa kubadili gia ni shauri jingine. Hapo huenda klachi haiachii sawasawa, au pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia zimelika. Ili kuzitenga, simamisha gari, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano, kisha ingiza gia ya kurudi nyuma. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, klachi haiachii. Itengenezwe hiyo kwanza. Ikiingia kwa ulaini, lakini gia ya pili au ya tatu ikikwaruza uendapo, pete ndizo zenye kosa.

Sasa twaja kwenye oili, ambayo yafaa iangaliwe kabla ya kumwita fundi yeyote. Giaboksi haina taa ya kumwonya dereva kwamba oili imepungua. Sili ya nyuma huvuja tone baada ya tone, vumbi hufunika alama, na mwenye gari hajui lolote mpaka asikie ngurumo. Ubavuni mwa kasha kuna kizibo cha kujazia. Gari likiwa limekaa sawa na injini imezimwa, kifungue: oili yapasa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu hilo. Ikiwa haionekani, umekwisha kuona sehemu moja ya ugonjwa, pengine wote. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, labda gari lilipovuka kijito wakati wa masika, imwagwe yote.

Kuhusu aina ya oili, wengi hukosea kwa kudhani kwamba iliyo nzito ndiyo bora. Fuata kitabu cha gari. Peugeot 504, ambayo ilijulikana sana katika barabara za Kenya, iliagizwa na watengenezaji itiwe oili ya injini katika giaboksi, na aliyeitia oili nzito ya difu alishangaa gia zikikataa kuingia asubuhi. Katika makopo ya oili za gia mna alama GL-4 na GL-5. Ya pili ni nzuri kwa difu, lakini baadhi ya dawa zilizomo huweza kula pete za shaba za giaboksi kuukuu. Kitabu kikisema GL-4, usikubali kuambiwa kwamba tano ni zaidi ya nne.

Unapoimwaga oili, ipokee katika karai safi uitazame juani. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni uchakavu wa kawaida. Vumbi linalometameta rangi ya dhahabu limetoka kwenye pete za shaba. Lakini ukikuta magamba ya chuma au vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, gari lisiende safari tena mpaka kasha lifunguliwe. Nawe unayetaka kununua pikapu kuukuu, fanya jambo hili kabla ya kutoa fedha ikiwa muuzaji ataruhusu. Na asiporuhusu, jiulize kwa nini. Iko hila ya siku nyingi ya kutia vumbi la mbao au grisi nzito katika giaboksi ili inyamaze mpaka mnunuzi afike kwake.

Ikithibitika kwamba ni beringi, mwombe fundi akuoneshe ile mbovu, na usome namba iliyochongwa katika pete yake. Namba hizi hazifuati jina la gari, hutumika duniani kote. Beringi ya gololi yenye namba 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52, na unene milimita 15, iwe imetengenezwa Ujerumani au Japani. Kwa hiyo mtu wa Myanga asiyepata kipuri cha gari lake Bungoma aweza kuagiza beringi kwa namba kutoka Eldoret, au kwenye maduka ya barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi. Ajihadhari tu na za bandia: chapa iliyopigwa vibaya na bei iliyo chini mno ni dalili mbaya.

Huenda kelele zikakushika ukiwa mbali, tuseme Kamukuywa, unatoka Kitale na mzigo. Ikiwa gia ya nne ni kimya, punguza mzigo, endesha polepole ukitumia hiyo kila inapowezekana, nawe waweza kufika gereji bila kuongeza madhara mengi. Lakini mkono wa gia ukitetemeka sana, au gia ikiruka na kutoka yenyewe, simama. Na kama gari litavutwa, propela ifunguliwe kwanza, au magurudumu ya nyuma yainuliwe. Gari likivutwa kwa nyutro na injini imezimwa, shafti kuu huzunguka, ilhali shafti ya chini, ambayo ndiyo hurusha oili juu, imesimama. Na kwa mwendo wa kutoka Kamukuywa mpaka Bungoma, beringi ambazo zilikuwa nzima zaweza kufika zimeungua.