Kabla Hujanuna, Isome Salari Slipu Yake

Alikuambia analipwa milioni moja, kaleta laki nane kasoro. Unanuna: "Nyingine kampa nani?" Taratibu, dada! Huenda nyumba ndogo unayoitafuta ni makato tu.

Julai 2020, sehemu ya mshahara isiyoguswa na PAYE Tanzania Bara ilipanda kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi. Julai 2021, kiwango cha chini kikashuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Kwa ngazi hizo, kinachozidi 270,000 hadi 520,000 hukatwa asilimia 8. Hadi 760,000, asilimia 20. Hadi milioni moja, 25. Zaidi ya hapo, 30. Mchango wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza.

Kila mtu na chake

Tuseme wanandoa wanaishi Lupepo, kule Tukuyu. Mke yuko ofisi ya kiwanda cha chai, mume anafundisha shule binafsi, kila mmoja 500,000. NSSF ikichukua asilimia 10, hubaki 450,000. PAYE ni 14,400 kila mmoja, jumla 28,800.

Kwa jirani yao, mume pekee ndiye mwenye ajira, milioni moja. Akitoa NSSF hubaki 900,000, na PAYE ni 103,000. Mishahara ya nyumba hizi mbili ni sawa, lakini tofauti ya kodi ni 74,200 kila mwezi! Sababu ni kwamba ile 270,000 ni ya mfanyakazi, si ya nyumba. Mwenzi asiye na ajira hawezi kukugawia yake.

Usikimbie nyongeza

Wapo wanaoogopa kupandishwa mshahara eti "kodi itameza yote". Si kweli. Kiwango kipya hukata kile kilichozidi tu. Mshahara baada ya NSSF ukipanda kutoka 500,000 hadi 540,000, PAYE inatoka 18,400 hadi 24,000. Katika ile 40,000, unabaki na 34,400. Chukua nyongeza yako, bwana!

Sasa mfanyeje? Mwisho wa mwezi wekeni slipu zote mbili mezani. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo aseme mapema, maana nayo hukata asilimia 15 ya mshahara. Bajeti ya nyumba ipangwe kwa kile kinachofika mkononi, si kile kilichoandikwa kwenye barua ya ajira. Mkishajua pesa imekwenda wapi, hamtakuwa na cha kununiana.